Chanjo Iliyokaushwa Ikiwa Barafu

Kukausha kwa kugandisha ni njia ya kuondoa maji katika kitu chenye asili ya uhai, iwe ni virusi vya chanjo, bakteria, plazima ya damu au protini, bila kukipitisha kwenye moto. Kitu hicho hugandishwa kwanza mpaka kiwe barafu, kisha huwekwa ndani ya chumba kilichonyonywa hewa, na humo barafu yake hugeuka mvuke na kuondoka bila kuyeyuka. Kinachobaki ni kidonge chepesi chenye matundu madogo madogo, au unga, ambao ukirudishiwa maji hata baada ya miaka miwili hurejea karibu kama ulivyokuwa. Chanjo ya surua na rubela, chanjo ya BCG ya kukinga kifua kikuu na chanjo ya homa ya manjano, zote zikiwa kwenye ratiba ya watoto wa Uganda, huingia nchini katika hali hiyo.

Mahali ambapo faida na udhaifu wa njia hii huonekana bila kificho ni Nakivale. Makazi hayo ya wakimbizi yako wilayani Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, karibu na mpaka wa Tanzania, na mji mkubwa ulio jirani ni Mbarara. Yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya kwao. Leo wanaishi humo zaidi ya watu laki moja, wengi wao Wakongo, pamoja na Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na Waeritrea, na Kiswahili kinasikika sokoni, kwenye foleni ya maji na kwenye kituo cha afya. Mapigano ya Kivu, mashariki mwa Kongo, yalipopamba moto upya mwaka 2022, maelfu ya watu walivuka mpaka Bunagana, wakapitia kituo cha muda cha Nyakabande wilayani Kisoro, na wengi wakaletwa mpaka kituo cha mapokezi cha Kabazana ndani ya Nakivale. Watu wanapolala kwa mamia chini ya turubai moja, surua husambaa upesi kuliko karibu ugonjwa mwingine wowote, kwa hiyo chanjo yake ni miongoni mwa huduma za mwanzo anazopewa mtoto aliyewasili.

Chanjo hiyo ina virusi vya surua vilivyo hai, ila vimedhoofishwa. Kila dozi ya nusu mililita inatakiwa iwe na chembe zisizopungua 1,000 zenye uwezo wa kuambukiza seli, maana chembe zilizokufa hazimfundishi mwili kitu cha maana. Ndani ya maji chembe hizo hazidumu. Maji huziwezesha molekuli kutembea na kugongana, protini zinazofunika virusi hujikunjua, utando wa mafuta unaovizunguka huharibika, na joto likipanda mambo yote hayo huenda mbio zaidi. Chanjo ya surua iliyokwisha kuchanganywa na maji, ikiachwa mezani kwenye joto la nyuzi 20 hadi 25, inaweza kupoteza nusu ya nguvu zake kwa saa moja. Kwenye nyuzi 37 hupoteza karibu zote kwa muda huo huo. Chanjo hiyo hiyo ikiwa kavu hustahimili nyuzi 37 kwa wiki nzima na bado ikakidhi kiwango kinachotakiwa na Shirika la Afya Duniani. Tofauti ya saa moja na wiki nzima ndiyo inayoiwezesha kusafiri kutoka kiwandani hadi kijiji cha mwisho.

Kwa nini isikaushwe tu kwa joto? Kwa sababu joto lenyewe ndilo linaloua. Njia iliyozoeleka ni kuyatoa maji yakiwa baridi, na hapo fizikia ya kanieneo ya hewa inasaidia. Maji hayachemki kwenye nyuzi zile zile kila mahali. Mbarara iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, ndiyo maana maharage ya huko hukawia kuiva. Kanieneo ikizidi kupunguzwa, kiwango cha kuchemka nacho huzidi kushuka, na ikifika chini ya paskali 611, yaani sehemu 6 tu kwa 1,000 ya kanieneo ya pwani, maji ya kimiminika hayawezi kuwepo tena. Yatakuwa barafu au yatakuwa mvuke. Barafu ikipewa joto kidogo katika hali hiyo, hupaa moja kwa moja.

Viwanda vinavyotengeneza chanjo, kikiwemo kile kikubwa cha Serum Institute of India kilichoko Pune, ambacho hutoa sehemu kubwa ya chanjo za surua na rubela zinazotumika Afrika, hufanya kazi hiyo kwa hatua tatu. Kwanza vichupa vyenye kimiminika cha chanjo hupangwa kwenye rafu za chuma na kugandishwa hadi nyuzi 40 au 50 chini ya sifuri. Kila kichupa huwa kimewekewa kizibo cha mpira, lakini hakijashindiliwa: kizibo kina mfereji ubavuni na kimekaa nusu ndani nusu nje, ili mvuke upate njia ya kutokea. Kisha hewa hunyonywa mpaka kanieneo ifike paskali 10 hivi, na rafu zikapashwa joto pole pole. Mvuke unaotoka hunaswa kwenye mabomba yaliyopozwa kuliko chanjo yenyewe, ukageuka barafu upya huko. Hatua hii haikubali haraka. Joto likizidi kidogo, umbo la kidonge hubomoka na kunywea, na kichupa hicho hakifai tena. Hatua ya tatu huondoa maji machache yaliyong'ang'ania kwenye protini na sukari. Rafu hupandishwa hadi nyuzi 20 au 30, na unyevunyevu ukashuka mpaka asilimia 1 hadi 3. Kazi yote huchukua siku moja hadi tatu, wakati mwingine zaidi. Mwishowe rafu za juu hushuka na kuvishindilia vizibo vyote kwa mara moja, kabla ya mlango kufunguliwa, ili hewa yenye unyevu isipate kuingia.

Baridi peke yake nayo ina madhara. Maji yakiganda hutanuka kwa asilimia 9 hivi, fuwele za barafu hutoboa utando, na chumvi iliyokuwa imetawanyika hujikusanya katika maji machache yaliyosalia na kuwa kali. Virusi vitupu vikigandishwa hivi hivi na kukaushwa, vingi hufa. Ndiyo maana kabla ya kugandishwa huchanganywa na vitu vya kuvilinda: sukari kama sukrosi, trehalosi au sorbitoli, jelatini iliyovunjwavunjwa, na protini nyingine. Molekuli za sukari hushika nafasi za maji pembeni mwa protini, kisha maji yakiondoka sukari hiyo haifanyi fuwele. Inagandamana kuwa kitu kigumu kama kioo, na virusi vikabaki vimenaswa ndani yake bila kusogea. Asiyejua huona unga mkavu, kumbe sehemu kubwa ya unga huo ni vilinzi. Virusi vyenyewe havionekani kwa macho na uzito wake hauhesabiki.

Mbinu hii ilichukua nusu karne kukomaa. Mwaka 1906, Jacques-Arsène d'Arsonval na Frédéric Bordas walionyesha mjini Paris kwamba vitu vya kibiolojia vinaweza kukaushwa kwa baridi na ombwe. Miaka mitatu baadaye Leon Shackell akafanya hivyo hivyo huko Marekani. Katika miaka ya 1930, Earl Flosdorf na Stuart Mudd wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliifanya iwe kazi ya kawaida ya maabara kwa kukausha seramu ya damu, na Vita Kuu ya Pili ikaisukuma zaidi: majeruhi wa mstari wa mbele walitiwa plazima iliyofika ikiwa unga. Lakini ushindi mkubwa kuliko wote ulipatikana dhidi ya ndui. Chanjo ya ndui ya kimiminika iliharibika kwa siku chache katika nchi za joto. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Leslie Collier wa Taasisi ya Lister, Uingereza, alipata namna ya kuikausha kwa wingi akitumia peptoni kama kilinzi, na kiwango kilichowekwa baadaye kilitaka chanjo ya ndui ibaki na nguvu hata ikikaa mwezi mzima kwenye nyuzi 37. Kwa chanjo hiyo wachanjaji waliweza kutembea jangwani bila jokofu. Mtu wa mwisho duniani kuugua ndui ya kuambukizwa kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merca, Somalia, Oktoba 1977, naye alipona. Wasomali wa Nakivale waliozaliwa kabla ya mwaka huo walizaliwa katika nchi ambayo ndui ilikuwa bado tishio la kweli.

Kwa watu wa Ankole, eneo lenye Mbarara na Nakivale, hata hivyo, mfano ulio karibu zaidi na moyo ni wa ng'ombe. Miaka ya 1890 sotoka, yaani tauni ya ng'ombe, ilipita Afrika Mashariki na kufagia mazizi. Jamii zilizoishi kwa maziwa na ng'ombe wenye pembe ndefu zilibaki na njaa. Walter Plowright na wenzake, wakifanya kazi Muguga nchini Kenya, walitengeneza chanjo nzuri ya sotoka kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950. Ilikuwa inakaushwa kwa kugandisha, lakini ilihitaji ubaridi mfululizo, na wafugaji waliokuwa wagumu kuwafikia ndio waliobaki na ugonjwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Jeffrey Mariner alibadilisha vilinzi na mwendo wa kukausha, na chanjo iliyopatikana ikaweza kukaa mwezi mmoja nje ya jokofu. Wahudumu wa mifugo waliochaguliwa na wanakijiji wenyewe waliibeba kwa miguu Karamoja, kusini mwa Sudan na kwa Waafar wa Ethiopia. Mwaka 2011 dunia ilitangaziwa kwamba sotoka imekwisha. Ni ugonjwa wa pili tu kufutwa katika historia, baada ya ndui, na yote mawili yalifutwa kwa chanjo iliyokaushwa vizuri. Jambo hilo linastahili kusemwa mara nyingi kuliko linavyosemwa.

Si kila kilicho hai kinakubali kukaushwa. Wafugaji hao hao wa Ankole wanapambana na ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, na chanjo yake ina vimelea hai vya Theileria. Vimelea hivyo ni seli kamili zenye viungo vya ndani, na mpaka leo huhifadhiwa ndani ya naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Mtungi ukiishiwa naitrojeni njiani, chanjo imekwisha. Chanjo ya Ebola ya Ervebo, iliyotumika Kongo na kwa watu wa mpakani Kasese mwaka 2019, nayo huhifadhiwa ikiwa imegandishwa kati ya nyuzi 60 na 80 chini ya sifuri. Kwa ujumla virusi na bakteria wengi hukaushika. Seli kubwa za wanyama, zikiwemo chembe nyekundu za damu, ni ngumu mno, ingawa plazima ya damu hukaushwa bila shida kubwa.

Mjini Mbarara ukaushaji wa chanjo umeingia katika utafiti wenyewe. Taasisi ya Epicentre, tawi la utafiti la Madaktari Wasio na Mipaka, ina kituo huko tangu mwaka 1996, kikishirikiana na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara. Mwaka 2016 homa ya manjano ililipuka Angola na Kongo, na akiba ya chanjo duniani ikawa haitoshi. Agosti mwaka huo zaidi ya watu milioni 7 mjini Kinshasa walichanjwa kwa moja ya tano ya dozi ya kawaida, uamuzi uliofanywa kwa ushahidi mchache. Novemba 2017 Epicentre ilianza kuujaza ushahidi huo kwa jaribio lililofanyika Mbarara na Kilifi, pwani ya Kenya, kwa watu wazima 960 na chanjo za watengenezaji wanne, wakiwemo Taasisi ya Pasteur ya Dakar. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba moja ya tano iliamsha kinga bila kuzidiwa na dozi kamili, kwa chanjo zote nne. Sehemu ya sababu imo katika ukaushaji. Mtengenezaji anajua kwamba baadhi ya virusi vitakufa mashineni na vingine vitakufa kidogo kidogo ghalani, kwa hiyo huweka vingi kupita kiwango cha chini, mara kadhaa. Kichupa kilichotunzwa vizuri kina akiba ambayo hakuna aliyeitumia.

Ukaushaji huo huo umejificha pia katika vipimo. Mashine ya GeneXpert, iliyoenea katika hospitali za Uganda kwa kupima kifua kikuu, hutumia katriji za plastiki zenye vipunje vyeupe ndani. Vipunje hivyo ni vimeng'enya na kemikali za kuzidisha vinasaba, zilizokaushwa kwa kugandisha, na kwa ajili hiyo katriji hukaa kabatini kwenye joto la hadi nyuzi 28. Makohozi yakitiwa, kimiminika kilichomo ndani ya katriji huviamsha vipunje, na jibu likatoka kwa muda usiofika saa mbili.

Kukausha kunakilinda kichupa mpaka dakika kinapotiwa maji, na hapo ulinzi wote huondoka kwa mara moja. Ni vizuri kuitazama dakika hiyo kwa karibu. Mchanjaji huchukua kichupa cha surua na rubela cha dozi 10 na kukagua alama ya joto, kiduara chenye mraba mdogo katikati: mraba ukiwa mweupe kuliko duara chanjo inafaa, ukilingana nalo au ukizidi weusi inatupwa. Kwenye chanjo za kimiminika alama hii mara nyingi iko kwenye lebo. Kwenye chanjo kavu iko kwenye kifuniko, kwa makusudi, ili ikiondolewa kusiwe na wa kuisoma tena na kujidanganya kwamba kichupa kilicho wazi bado ni kizima. Kisha huvunjwa shingo ya ampuli ya maji ya kuchanganyia, yaliyopozwa kabla kwenye kibebeo cha baridi pamoja na chanjo, kwa kuwa maji yenye joto yaliyokaa mezani yanaweza kuua virusi. Mililita 5 huvutwa kwa bomba jipya la sindano na kutiririshwa taratibu ukutani mwa kichupa. Kidonge huyeyuka kwa sekunde chache, mchanjaji akikizungusha kichupa bila kukitikisa kwa nguvu, halafu huandika saa kwenye lebo na kukichomeka kwenye tundu la sponji juu ya barafu. Kikifunguliwa saa tatu asubuhi, mwisho wake ni saa tisa alasiri, au mapema zaidi kazi ya siku ikiisha. Kilichobaki hutupwa.

Kanuni hiyo ya muda wa saa 6 haihusu nguvu ya chanjo peke yake. Chanjo yenye virusi hai haiwezi kutiwa dawa ya kuua vijidudu, kwa kuwa ingeviua na virusi vyenyewe. Kwa hiyo bakteria mmoja akiingia na sindano, ana sukari, protini na joto la kumtosha kuzaliana. Mei 2017, wilayani Kapoeta Mashariki, Sudan Kusini, watoto 15 walifariki baada ya kuchanjwa surua. Uchunguzi ulionyesha kwamba bomba moja la kuchanganyia lilitumika tena na tena kwa siku nne, na vichupa vilivyofunguliwa vilikaa siku hizo zote bila jokofu. Mwaka 2014 katika mkoa wa Idlib, Syria, watoto 15 walifariki kwa sababu chanjo ya surua ilichanganywa na dawa ya kulegeza misuli iliyowekwa karibu na maji ya kuchanganyia. Katika visa vyote viwili chanjo kavu haikuwa na kasoro. Maji ya kuchanganyia ni sehemu ya chanjo, na yanatakiwa yatoke kwa mtengenezaji yule yule, yahesabiwe pamoja na vichupa na yafike pamoja navyo. Ghala likiwa na vichupa 500 na ampuli 400, lina chanjo 400.

Liko pia suala la idadi. Kichupa kina dozi 10, na mama aliyetembea kutoka Juru au Rubondo, maeneo ya ndani ya Nakivale, anaweza kuwa amemleta mtoto mmoja siku ambayo hakuna mwingine. Kukifungua maana yake ni kutupa dozi 9. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, lakini mahali pengi wachanjaji, kwa kuogopa kuulizwa dozi zilikokwenda, humwambia mama arudi siku watoto watakapokuwa wengi. Hesabu hiyo ni mbaya. Dozi za surua zinazotupwa hununulika tena. Mtoto wa miezi 9 ambaye hakurudi anabaki bila kinga katikati ya kijiji chenye watu wapya kila wiki. Anayesimamia ripoti za chanjo angefanya vyema kuhesabu akina mama waliorudishwa kabla ya kuhesabu dozi zilizomwagwa.

Watafiti wanajaribu kuiondoa kabisa hatua ya kuchanganya. Nchini Gambia, chanjo ya surua na rubela iliyokaushwa juu ya kibandiko chenye ncha ndogo ndogo zinazoyeyuka ndani ya ngozi ilijaribiwa kwa watu wazima na watoto, na matokeo ya mwaka 2024 yalionyesha kwamba ni salama na inaleta kinga inayokaribiana na ya sindano. Kibandiko kimoja ni dozi moja, hakihitaji maji, bomba wala ampuli. Majaribio makubwa zaidi yanahitajika kabla hakijaidhinishwa, na mpaka wakati huo kichupa cha dozi 10 na maji yake ndicho kitakachoendelea kupelekwa Nakivale.